Karatasi haijui kuogelea

Maoni yetu juu ya makaratasi ya usalama na ya uchafu kwenye ziwa Kivu

Goma, 3 Novemba 2024

Wakaaji wa Goma, wa Minova, wa Kalehe, wa Idjwi na wa Bukavu. Mama zetu wa Kituku wenye kuuza ndizi na mihogo. Wenye maboti, mabaharia, wabeba mizigo. Ndugu na dada,

Leo ni mwezi mmoja kamili. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova na ikazama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma. Haikuzama katikati ya ziwa, usiku, mbali na macho. Ilizama mchana, karibu na pwani, watu wamesimama wanaangalia. Wengine walikuwa wamekuja kupokea ndugu yao, mkono tayari kubeba mfuko. Wakabeba maiti.

Tumelia, tumezika. Sasa tunasema.

Siku ile ile, liwali wa Kivu Kusini aliambia waandishi wa habari kwamba ndani ya boti mulikuwa watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Kisha zikatoka hesabu zingine, za chini kuliko hizo. Mpaka leo, uliza watu watano wa Goma, utapata hesabu tano. Kila familia ilifanya hesabu yake yenyewe: nani alipiga simu asubuhi akisema amepanda, nani hajashuka, simu ya nani haipiti. Ile ndiyo ilikuwa orodha ya wasafiri. Simu isiyopita.

Na hapo ndipo tunaomba kila mtu asimame kidogo na afikiri. Nchi hii ina karatasi kwa kila kitu. Mama mwenye kubeba mabalo mawili ya nguo kuukuu anapewa karatasi tatu kabla ya kufika barabarani. Muuza makala ana karatasi. Mwenye motari ana karatasi. Boti yenyewe ina karatasi za kuijua, za kuiruhusu, za kuitoza, za kuiachia iondoke. Lakini siku watu wanazama, swali moja tu la rahisi, nani alikuwa ndani, linakosa jibu. Basi karatasi zile zote zilikuwa za nini?

Jibu letu ni hili, na ndilo tamko letu lote: karatasi za ziwani hazikuandikwa ili zihesabu watu. Zimekuwa za kuhesabu feza. Sisi hatukatai karatasi. Tunataka karatasi irudi kwenye kazi yake.

Twende bandarini pamoja

Wenzetu walikaa siku kadhaa kwenye bandari moja ya ziwa Kivu. Hatutaji bandari, hatutaji ofisi, kwa sababu ajenti mdogo aliyetusemea ukweli ana watoto, na mshahara wake wenyewe unakuja kama mvua ya kiangazi. Tunaeleza tu tulichoona.

Ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Boti iko tayari, injini inapigwa. Kuna meza. Tulihesabu sita, tukiacha ile ambayo haina meza: mwenye bunduki ana kiti tu.

Meza ya kwanza inauliza mwenye boti: karatasi ya chombo iko? Iko. Anaifungua, anatoa kilichokunjwa ndani, anairudisha. Jina la boti hakusoma. Meza ya pili ni ya usafi. Inatoza feza ya usafi, na nyuma yake, hatua tano, chupa na makopo yanaelea juu ya maji meusi ya mafuta. Meza ya tatu ni ya mizigo: gunia moja hivi, fuko moja hivi. Meza ya ine na ya tano, hata wenye kulipa hawakujua kutuambia ni za nini. Tuliuliza mama mmoja, akajibu: "Mutoto yangu, miye nalipa, siulizaka. Ukiuliza, boti inakuacha."

Meza ya sita ndiyo tuliyoitafuta. Pale wanaandika majina ya wasafiri. Kijana ana Biki na karatasi ya mistari. Anaandika: Mama Furaha na watoto. Watoto wangapi? Hakuuliza. Anaandika: Papa Jacques, mfanyabiashara. Jacques nani? Wa wapi? Nani apigiwe simu kama kuna shida? Hapana. Karatasi ikijaa, inafungwa, inapigwa kashe. Boti inaachia kamba. Na pale, kutoka pembeni, pirogi mbili zinaisogelea boti, na watu wengine wanaruka ndani na mifuko yao. Hawa hawakuandikwa popote. Hawa, kama wanafika, wamefika. Kama hawafiki, hawakuwahi kuondoka.

Tukamwuliza mzee mmoja wa kazi: "Papa, na hawa mutawaandika lini?" Akacheka. "Wee mutoto, unataka kusafiri ao unataka kuhesabu?"

Sasa sikieni jambo ambalo halikutuacha kulala. Kati ya meza zote sita, hakuna hata mtu mmoja aliyeingia ndani ya boti. Hata mmoja. Hakuna aliyeangalia kama maji yanaingia chini. Hakuna aliyehesabu majile ya kuokoa maisha. Hakuna aliyeuliza kama baharia amelala usiku ule ao alikunywa. Kashe sita zilipigwa juu ya boti ambayo hakuna mwenye kashe aliyeikanyaga.

Na ile orodha ya majina? Baharia aliikunja akaiweka mfukoni, wakaondoka nayo. Ikizama boti, inazama na karatasi. Hivi ndivyo tunavyoweka ushahidi wetu: ndani ya kitu kile kile ambacho ushahidi ulipaswa kukichunga.

Musifikiri ni sisi peke yetu. Tarehe 20 Septemba 2018, huko Tanzania kwenye ziwa Victoria, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya abiria 101. Maiti zilizotolewa majini zilipita 200. Na wakubwa wa kule walisema kwamba ilikuwa vigumu kujua hesabu ya waliopanda, kwa sababu mkata tiketi alikufa, na mashine yake ya tiketi ilipotea naye. Somo liliandikwa pale kwa maiti zaidi ya mia mbili: orodha lazima ibaki nchi kavu. Sisi tuko jirani. Miaka sita imepita. Nani wetu alisoma?

Amri hazikosekani

Kila ajali inazaa amri. Tarehe 15 Aprili 2019, boti ilizama kwenye ziwa hili hili upande wa Kalehe. Rais wa Jamhuri mwenyewe alizungumza juu ya watu 150 waliopotea, akaja Kalehe, na pale pale jile ya kuokoa maisha ikawa lazima kwa kila msafiri. Tulifurahi. Tulisema, basi, Leta imesikia.

Tokea hapo, nini kimefanyika? Jile imekuwa lazima, ni kweli. Kwa hiyo imekuwa mlango mpya wa feza. Tumeona boti ambamo majile yako machache, yanatundikwa mbele ili mkaguzi ayaone akiwa amekaa kwenye kiti chake. Tumeona jile zenye kupasuka, sponji ndani imeoza: ukiivaa, inakunywa maji kabla yako. Tumeona jile za watu wakubwa peke yake, kama vile mtoto wa Idjwi anazaliwa anajua kuogelea. Mwenye boti asiye na jile za kutosha halazimishwi kubaki pwani. Analipa, anaondoka. Faini ya kukosa jile imekuwa bei ya kukosa jile.

Hapa tunaomba wenye kuandika amri huko Kinshasa na kwenye ofisi za majimbo wafahamu vizuri. Amri ambayo unaweza kuilipia ili usiitimize, haiitwi amri. Inaitwa kodi. Na kodi juu ya kifo cha watu, ni nani anataka ikome?

Mstari wa rangi

Kuna hadithi ya zamani ambayo tunapenda kuieleza kwenye mikutano yetu. Huko Uingereza, miaka ya 1870, matajiri walikuwa wanapakia meli mpaka maji yanagusa ubao wa juu. Meli mbovu, zenye bima nzuri. Ikifika, faida, ikizama, bima. Mabaharia waliziita majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, akapigana nao bungeni mpaka wakamwona kichaa. Mwaka 1876 sheria ikapita: kila meli ichorwe mstari ubavuni. Mstari ukizama chini ya maji, meli imejaa kupita kiasi. Mpaka leo mstari ule uko kwenye meli kubwa za dunia yote, na unaitwa kwa jina lake.

Kwa nini tunaeleza hii? Kwa sababu mstari ule ni karatasi ambayo kila mtu anaisoma. Mama asiyekwenda shule anauona. Mtoto anauona. Askari anauona kutoka kwenye kiti chake, bila hata kuinuka. Hauhitaji kashe, hauhitaji Kifaransa, na hauwezi kuukunja na kuweka noti ndani. Mstari uko juu ya maji ao uko chini ya maji. Njo basi.

Rangi ya kuchora mstari ule kwenye maboti yote ya Kituku ni makopo mangapi? Isitoshe kusema Leta haina feza. Feza ya makopo ya rangi inapatikana kwenye meza zile sita kabla ya saa mbili ya asubuhi.

Maji tunayokunywa

Kwenye makaratasi yale yale kuna yale ya uchafu: mwenye boti hapaswi kumwaga mafuta ziwani, hapaswi kutupa takataka, anapaswa kulipa ya usafi. Tunakubali. Tena tunakubali kuliko wale wanaotoza, kwa sababu sisi ndio tunakunywa.

Mtu wa mbali ajue Kituku ni nini. Kituku ni bandari, ni soko, na ni kisima. Pale boti inaposhusha mihogo na ndizi, mita chache pembeni, dada zetu na wadogo zetu wanachota maji na bido za manjano. Muji wa Goma uko juu ya ziwa lenye maji matamu, na bado wakaaji wengi hawana robine. Vita iliposukuma watu kutoka Masisi na Rutshuru kuja kwenye kambi za pembeni ya Goma, wanaochota waliongezeka. Kolera tunaijua. Hatuhitaji kufundishwa kwamba maji machafu yanaua; wazee wetu walizika watu hapa mwaka 1994.

Basi fundi akibadilisha mafuta ya injini na kumwaga yale meusi pale pale, hamwagi "kwenye mazingira". Anamwaga kwenye bido ya mtu. Lakini mwulize: angeyapeleka wapi? Kwenye bandari tuliyokaa, hakuna pipa hata moja la kuweka mafuta machafu. Hakuna shimo la takataka, choo ni cha kulipa na kimefungwa. Kuna karatasi ya kukataza, na kuna meza ya kutoza. Kati ya kukataza na kutoza, hakuna mtu aliyefikiri kuleta pipa.

Ni hadithi ile ile ya plastiki. Dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko na vifungashio vingine vya plastiki katika Kongo yote. Ni karatasi nzuri, ina sahihi ya waziri mkuu. Nenda Bukavu uone ziwa linapotokea kuwa mto Ruzizi: plastiki imejaa mbele ya bwawa mpaka mashine zinakwama na taa zinazimika mujini. Karatasi iko Kinshasa, plastiki iko kwenye mashine.

Karatasi inasema luga gani?

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha kwanza, inasema Kifaransa ni luga ya kazi za Leta, na inataja luga ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inasema pia Leta ina kazi ya kuziendeleza. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kujua habari. Kifungu cha 53 kinampa haki ya mazingira yenye afya.

Sasa mama anapanda boti Minova. Karatasi inayosema boti inapaswa kubeba watu wangapi imeandikwa Kifaransa, iko ndani ya kartable ya mwenye boti, na kartable iko nyumbani. Mama atajuaje kwamba yeye ni mtu wa hamsini na moja kwenye boti ya watu hamsini? Tunamlaumu kesho yake: "Na miye vilevile, mulipanda sababu gani, hamukuona imejaa?" Aliona. Lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha kidole. Kuona bila haki ya kusema ni kuangalia tu.

Mutatuambia

Mutatuambia: maskini hana la kuchagua. Mukiongeza masharti, bei itapanda, na mama atabaki Minova na mihogo yake itaoza. Hoja hii ni ya kweli na hatuikimbii. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Goma kwenda Sake na Minova. Mihogo, ndizi, maharagi, mgonjwa, mwanafunzi, vyote vilihamia ziwani. Watu hawakupanda boti kwa kupenda upepo. Barabara ikiwa wazi, hatari inapungua. Wenye kuongoza vita na wenye kuongoza nchi wajue kwamba wale wa Merdi wamo pia kwenye deni lao.

Lakini tuangalie bei imepandishwa na nini. Mwenye boti mmoja alituhesabia kwa vidole: hii ya hapa, hii ya kule, hii ya kuondoka, hii ya kufika, hii ya maharagi ya batoto. Alipomaliza akasema: "Munaniambia ninunue jile. Jile nimeshazilipa. Ziko kwa mifuko ya wale." Njo maana anapakia. Watu kumi wa kwanza ni wa mafuta ya injini, kumi wa pili ni wa meza. Faida yake inaanza pale ambapo hatari yenu inaanza. Hatumsafishi, anajua anachofanya, na boti ikizama lazima ajibu mbele ya sheria. Tunasema tu kwamba meza zikipungua, jile zinaweza kununuliwa bila bei kupanda. Leta yenyewe inajua hii: dekre namba 036/2002 ya 28 Machi 2002 ilipunguza servisi zenye haki ya kufanya kazi mipakani zikabaki ine tu, kwa sababu mikono ilikuwa imezidi. Kama mpakani mikono ine inatosha, kwa nini kutoka Minova mpaka Goma, ndani ya nchi moja, isitoshe mmoja?

Mutatuambia tena: ninyi vijana muna kelele, lakini raia wenyewe ni wakaidi. Hapo pia kuna ukweli, na tuuseme kati yetu. Tunatoa majina ya uongo kwa sababu tunaogopa kuandikwa. Tunakataa kuvaa jile kwa sababu inanuka ao inachafua nguo ya safari. Tunaruka kutoka pirogi ili tusilipe meza ya sita. Tunamtukana baharia akisema "imejaa, ngojeni ya kesho". Tunatupa chupa majini tukiangalia pembeni. Ndugu, ziwa haliulizi nani alianza. Tukidai Leta ibadilike, sisi pia tubadilike, tukianza na safari ya kesho.

Tunachodai

Hatuandiki hapa mambo ya ndoto. Kila moja ya haya inaweza kuanza ndani ya wiki chache.

1. Orodha ya wasafiri iandikwe mara mbili. Moja iende na boti, moja ibaki bandarini mikononi mwa mtu mwenye jina. Jina kamili, kila mtoto na jina lake, namba ya simu ya ndugu mmoja aliye nchi kavu. Kabla kamba haijaachiwa, vichwa vihesabiwe na hesabu isomwe kwa sauti. Kuandikwa kuwe bure, ili mtu asiwe na sababu ya kuruka kutoka pirogi.

2. Mstari wa rangi ubavuni mwa kila boti ya wasafiri, na pembeni yake hesabu ya watu, kwa tarakimu kubwa. Mstari ukizama, boti haiondoki. Hakuna faini ya kulipa ili iondoke.

3. Mkaguzi aingie ndani ya boti. Anayepiga kashe aandike jina lake, saa, na hesabu ya jile alizogusa kwa mkono, za watoto pia. Boti ikizama, tutajua nani wa kuuliza.

4. Dirisha moja, risiti moja. Bei zote zibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kifaransa. Chochote kisichobandikwa, raia asilipe.

5. Karatasi ya kila boti ibandikwe pale watu wanapopandia, kwa Kiswahili: jina la mwenyewe, hesabu ya watu, tarehe ya ukaguzi wa mwisho.

6. Pipa la mafuta machafu, mahali pa takataka na choo cha bure kwenye kila bandari, kabla ya kutoza mtu yeyote feza ya usafi. Na mahali pa kuchotea maji patenganishwe na mahali pa maboti.

7. Ripoti ya MV Merdi itolewe kwa watu wote: nani aliruhusu iondoke, nani aliikagua, na majina ya wote waliokufa na waliopotea. Familia zao zisihitaji kutoa kitu chochote ili zipate cheti cha kifo.

Hii ya mwisho tunaomba ieleweke. Mjane asiye na cheti hawezi kuchukua feza ya marehemu, hawezi kupigania shamba, hawezi hata kusema kwa haki kwamba yeye ni mjane. Kwa sababu jina la bwana yake halikuandikwa alipopanda, Leta inamwomba athibitishe kwamba alikufa. Tazameni ubaya wa jambo hili: walikataa kumhesabu akiwa hai, sasa wanadai hesabu akiwa chini ya maji.

Mwisho

Tamko hili ni petisheni pia. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wenzake, anaweza kutuma petisheni kwa wakubwa wa Leta, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tunaanza kuhesabu leo. Sisi tunajua kuhesabu. Tarehe 3 Februari 2025 tutauliza jibu, na tutauliza tukiwa wengi.

Mpaka hapo, hatutangoja Leta tukiwa tumekaa. Wenzetu wa Goma, wa Minova na wa Idjwi wanaanza wiki hii kusimama bandarini asubuhi na daftari la shule. Hatuna kashe, hatuna bunduki, hatutozi hata franka moja. Tutahesabu vichwa, tutaandika majina ya wenye kutaka kuandikwa, na daftari litabaki nchi kavu. Ukisafiri, tutafute. Tuambie jina lako la kweli. Ukifika, piga simu, tukutie alama.

Mama mwenye kupanda kesho, fanya mambo matatu tu. Uliza kwa sauti: hii boti ni ya watu wangapi? Uliza jile iko wapi, uivae, umvishe mtoto. Na ukiona maji yanagusa ubao, shuka. Watakucheka. Acha wacheke, kicheko hakijawahi kumzamisha mtu.

Kwa wakubwa tunasema: daftari la vijana bandarini ni haya yenu. Siku mutakapolifanya lisiwe na kazi, tutalifunga kwa furaha.

Wale waliobaki ndani ya ziwa hawakuwa hesabu. Lakini ilipaswa wahesabiwe.

Raia, macho!